Maji ya Moto kwenye Haradali

Kibiti, 29 Julai 2024

Somo yangu Waride,

Shikamoo. Habari za Salale? Mguu umepoa? Sisi wazima, ila Nasma ana mafua.

Mtandao wa huko unasumbua, ndiyo maana nimempa barua Mshamu, anayekuja huko na mashua. Shemeji yangu Amri anaoa mwezi huu unaokuja. Mama mkwe kasema atakayetengeneza haradali nzuri ya kulia kamba wa baharini ndiye atakayeshika jiko la arusi. Ataonja Ijumaa, tarehe 9. Miaka kumi na minne katika nyumba hii, mimi ni wa kuosha masufuria tu. Nielekeze ile yako inayopanda puani.

Mwari wako,
Ummy

Salale, 2 Agosti 2024

Mwari wangu,

Marahaba. Mguu haujambo, nakanyaga. Mpe Nasma pole.

Haradali ni kazi ya dakika chache. Twanga mbegu vikombe viwili, tia chumvi na manjano kidogo. Chemsha maji mpaka yatokote, mimina juu pamoja na siki, koroga, funika. Usionje mpaka Ijumaa, utaiharibu. Siri hii nimekupa wewe tu.

Somo yako,
Waride

Kibiti, 10 Agosti 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mwili mzima.

Imetoka chungu kama mwarobaini, na haiwashi hata kidogo. Wifi Mwanaidi kauliza mbele za watu, "Ummy, hii ya kula au ya kupaka kidonda?" Wakacheka. Mama mkwe kasukuma bakuli pembeni. Nilifuata kila neno lako. Nimekosea wapi?

Mwari wako,
Ummy

Salale, 17 Agosti 2024

Mwari wangu,

Marahaba. Huku salama.

Labda mbegu zilikuwa kuukuu. Mama mkwe wako katuma mtu, anataka mimi nishike jiko. Nimekubali kwa ajili yako, wasije wakasema somo hakukufunza kitu. Na Nasma akivunja ungo, msihangaike kutafuta mtu wa kumfunda. Mimi nipo.

Somo yako,
Waride

Kibiti, 20 Januari 2025

Bi Waride,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Siku ya arusi ulinituma maji. Niliporudi na ndoo nilisimama nyuma ya makuti ya jiko. Ulichota maji ya mtungini, baridi, ukamimina kwenye haradali. Ukamwambia Mwanaidi, "Iache dakika kumi ipate ukali, ndipo utie siki. Maji ya moto yanaiua." Niliweka ndoo chini, nikaosha masufuria yako.

Nyumbani nimejaribu mara tatu, mbegu zilezile. Kwa maji baridi inatoa machozi. Kwa maji ya moto ni chungu.

Ulinifunda nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku hiyo sijawahi kukuuliza neno mara mbili.

Haradali nimewaelekeza wanawake wote wa mtaa huu. Asiyejua kusoma namwonyesha. Kanga ulizonipa siku ya kutoka ndani anakuletea Mshamu.

Nasma alivunja ungo Jumanne. Yuko ndani, kwa jirani yetu Muzdalifa, ndiye somo yake. Usije.

Mama Nasma