Ishirini na Nne Yako Imepatikana

Baba Kibonge,

Ile tak, tak ya jikoni alfajiri, uliyosema ni panya ukageukia ukutani, haikuwa panya. Nitaifikia.

~~Umeshinda. Darasa la jioni naacha.~~ Hayo niliyaandika kabla ya hiyo tak, tak. Usiyasome.

Maharage nimeyaloweka. Utayapika wewe, Bwana Mahesabu, leo na kila siku ya darasa, kama ulivyoapa jana huku ukicheka: "Moja, tano, tano, tano. Zitumie zote, unipe ishirini na nne. Ukiweza, napika mimi. Ukishindwa, madaftari kabatini, mama, ulee mtoto." Kisha ukalala fofofo. Mjuzi hana wasiwasi.

Mimi nilijumlisha, nikazidisha, hiyo moja ikanigomea. Ndipo nikasikia tak, tak. Kumbe binti yako anavunja biskuti moja gizani, vipande vitano, awagawie wanasesere wake. Nikarudi mbio kwenye daftari.

Basi fuatisha kwa kidole, fundi wangu. Moja igawe kwa tano. Jibu litoe kwenye tano. Kinachobaki kizidishe kwa tano ya mwisho. Kama huniamini, na najua huniamini, kikokotoo kiko kwenye droo.

Chumvi kidogo tu. Hiyo haihitaji kuzidisha. Nitarudi darasa likiisha.

Mkeo, mwanafunzi

Kibonge usimkemee kwa makombo. Mimi nilimwambia biskuti moja haigawanywi hivyo, akanijibu taratibu: "Ni moja tu, Mama, lakini inawatosha wote."