Maoni Chini ya Kitabu cha Viazi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Katalogi ya maktaba imeingia mtandaoni leo. Yasmin, fundi wetu wa kompyuta, amenionyesha: chini ya kila kitabu kuna nafasi ya msomaji kuandika maoni. Nikamuuliza, nani ataandika? Akacheka tu. Miaka ishirini na sita nimepanga kadi kwenye droo, sijaona kadi ikijibiwa.

Alhamisi, 17 Julai
Imejibiwa! Felista, mkulima wa Mgeta, ameandika chini ya kitabu cha viazi mviringo. Kitabu kinasema panda Machi. Alifuata, masika ikaozesha shamba zima. "Aliyeandika hiki hajawahi kulala milimani kwetu." Nimesoma mara tatu. Kitabu nilimwazima mwenyewe — muhuri ni wangu.

Jumanne, 22 Julai
Maoni thelathini na moja. Wakulima wanabishana, wanafundishana. Mmoja kaandika Kiluguru kitupu, Yasmin akaniita nimtafsirie. Nikajiona wa maana.

Lakini mkuu wetu, Mzee Abdulmajid, hakufurahi. Kasema maktaba haikosoi vitabu vyake, maoni yafutwe kabla ya Jumatatu. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Mzee, huyu dada shamba lake limeshaoza. Tukifuta, la mwingine tutakuwa tumeliozesha sisi."

Akarudi ofisini kwake. Mchana nikaandika chini ya maoni ya Felista, kwa kidole kimoja, na jina langu, Anastasia: njoo Jumamosi, dada, utuonyeshe hapo penye kosa. Nikabonyeza.

Ijumaa, 25 Julai
Nimefungua kompyuta mara tano; Felista hajaandika kitu.

Jumamosi, 26 Julai
Wamekuja kumi na moja! Wameteremka na gari la mboga, wakavua viatu mlangoni kwa sababu ya udongo. Wanane hawajawahi kuingia maktaba. Felista, ambaye sura yake nilishaisahau, ni binti mdogo tu, mtoto mgongoni. Akamwamkia Mzee, akafungua ukurasa, akaeleza taratibu. Mzee akasema hiki kimeandikwa na wataalamu.

"Sibishi, baba. Nimekuja na wenzangu tuandike cha kwetu."

Tunafunga saa saba. Sasa ni saa nane, naandika hapa kaunta. Yasmin anapiga chapa wanayosema. Maoni hayajafutwa — Jumatatu sijui. Ila Mzee amevuta kiti, kakaa katikati yao. Kauliza: kama si Machi, basi mwezi gani?

Wamejibu wote kwa pamoja, na kila mtu ametaja mwezi wake.