Ukurasa wa Tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mguu vipi? Mama anasema sasa unapanda ngazi bila fimbo. Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenipa talaka.

Barua yako nimeipata. Unasema bomu lile limekuokoa, na unataka niwashukuru wakubwa zangu wa Wizara ya Vita. Nimeisoma mara nne.

Wiki ile ya kabla ya bomu mipango ilikuwa miwili: jeshi livamie pwani ya adui, au bomu liangushwe kwenye mji wake. Mtaalamu wa takwimu, tunayemwita Bwana Desimali, alikadiria kuwa uvamizi ungeua malaki, wetu na wao. Mkuu wa jeshi akasema bomu ni ukatili mfupi, uvamizi ni ukatili mrefu. Daktari wa wizara, mama asiyepandisha sauti, akamjibu kuwa mtoto mchanga hajatangaza vita na mtu. Akaandika ukurasa mmoja, akiomba bomu lilipuliwe kwanza mahali pasipo watu, adui aone, apewe siku kumi za kusalimu amri. Mkuu alinuna, lakini akaagiza uingie kwenye jalada la Rais, uwe wa tatu.

Kuchapa na kufunga jalada ni kazi yangu. Orodha ya vikosi vya kutangulia pwani nayo niliichapa mimi. Chako kilikuwa cha kwanza. Na bomu lilikuwa moja tu. Likiisha bure, adui akikaza shingo, ni wewe majini.

Ndugu yangu, ukurasa ule sikuuweka. Niliukunja, nikautia mkobani. Hakuna aliyenituma.

Juzi daktari alirudi kutoka mji ule, alikokwenda kuwatibu walionusurika. Akaniuliza kama Rais aliusoma ukurasa wake. Nikamwambia aliusoma. Akashusha pumzi, akasema, “Basi, angalau tuliwaombea.”

Labda Rais angeupuuza. Labda wewe ungezama. Sijui, wala sitajua. Ningekuuliza kama nilikosea, lakini wewe u hai. Wenye haki ya kunijibu ni majivu.

Wasalimie wifi na mtoto. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Barua hii ikikufikia, daktari atakuwa ameshaushika ukurasa wake mkononi, nami nitakuwa nimesimama mbele yake.

Ni mimi dada yako,
Mchapaji