Nilibadilisha Paswadi, Mume Wangu Akadhani Ni Akili Yake

Mpendwa Mwalimu Igoki,

Nakuandikia nikiwa ofisini saa ya chakula cha mchana kwa sababu nyumbani siwezi kushika kalamu mume wangu akiniangalia, na ninaomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa maana Jumamosi shemeji yangu anakuja kutoka Mitunguu na jambo watakaloamua siku hiyo litakuwa limejengwa juu ya uongo wangu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, tunakaa Majimbo hapa Embu, na mume wangu Mbae alikuwa mpimaji wa mashamba kwa miaka ishirini na sita, mtu ambaye angekutajia namba za mashamba ya nusu ya Runyenjes bila kufungua faili, na alijivunia kwamba hajawahi kukosea tarakimu hata moja. Mwaka jana mwezi wa nane alipigwa na kiharusi akiwa kazini, upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, na tangu hapo mimi ndiye ninamwogesha, ninamvalisha na kumlisha, ninakimbia kazini, jirani anamchungulia mchana, na nikirudi jioni ninaanza upya.

Daktari wa mazoezi ya viungo alituambia vidole vitafutiwe kazi ya kubonyeza kitu, basi binti yetu Sheila, ambaye anafundisha Nakuru, akamnunulia babake mashine ya gemu ya kuunganishwa na televisheni, na Kinoti, fundi aliyetuwekea wifi, akaja akaiunganisha bila waya. Kumbe huko Mitunguu watoto wa shemeji yangu Koome wana mashine kama hiyo, na ikawa kila siku saa kumi na moja Koome akitoka kwenye migomba yake anaketi wanacheza mpira na kakake kupitia mtandao, Mbae amevaa hedifoni, wanaongea Kimeru chao, na Mwalimu, mtu ambaye kwangu hujibu kwa kutikisa kichwa nilimkuta akicheka mpaka anapangusa machozi.

Mwanzoni nilifurahi, sitakudanganya, lakini kila siku ninaingia na mifuko ya sokoni naye hata hageuki, na siku moja mwezi wa pili nilifungua mlango polepole nikamsikia akimwambia Koome, "Huyu si bibi tena, ni nesi. Ananilisha, mimi nafungua mdomo tu." Mimi ni Mwembu lakini Kimeru cha mume wangu nakisikia vizuri. Nilisimama pale na mifuko mkononi, nikarudi nje, nikangoja mpaka uso wangu utulie ndipo nikaingia.

Kesho yake nilimwomba mwenzangu wa ofisini anionyeshe jinsi paswadi ya wifi hubadilishwa, akanionyesha, na jioni nikaibadilisha kwa simu yangu nikiwa jikoni. Nilijiambia ni siku mbili tu, naye aonje kukosa mtu wa kuongea naye. Mbae hana simu ya mtandao, anatumia kabambe, simu ndogo ya kupiga tu, kwa hivyo kitu pekee kilichokatika ni ile mashine.

Paswadi ya zamani iko kwenye stika chini ya ruta, herufi kubwa na ndogo zimechanganywa na namba, jumla kumi na mbili. Nilipofika nyumbani siku iliyofuata nilimkuta ameivuta ruta mpaka mezani kwa mkono wa kushoto, amevaa miwani, anaingiza herufi moja baada ya nyingine kwa kile kidude cha kuchezea, akimaliza mashine inaandika kwamba paswadi si sahihi, anaanza tena. Siku ya tatu aliniita. Alikuwa hajaniita kwa jina tangu augue.

"Gladwell. Kuja unisomee. Hii hapa ni O ama ni sifuri?"

Nikainama nikamsomea. Mwalimu, nilimsomea zote kumi na mbili, moja moja, kwa sauti ya upole, nikijua haitafungua. Na haikufungua. Akaniangalia akasema, "Basi ni mimi."

Ningesema wakati huo. Sikusema. Alimpigia Kinoti aje, nami nikamwahi Kinoti pale getini nikamwambia paswadi nimebadilisha na asiseme. Kinoti aliniangalia sana. Akasema, "Mama Sheila, mimi nikiingia hapo itabidi niongee ukweli, kwa hivyo wacha nisiingie." Akageuza pikipiki akaenda, na mimi nikaingia nikamwambia mume wangu fundi amepata kazi ya dharura.

Hizo siku mbili zimekuwa wiki sita. Mbae ameacha kujaribu, na mazoezi ya mkono ameacha pia. Anaamka amechelewa, anageukia ukutani, na tulipoenda kliniki alimwambia daktari kwa mdomo wake, "Akili inatoka. Hata kunakili herufi kumi na mbili siwezi." Daktari aliandika apigwe picha ya kichwa. Mimi nilikuwa nimeketi hapo kando, nimeshika koti lake.

Na sasa amemwita Koome. Anataka Jumamosi waketi, agawanye shamba la Mitunguu na kuweka kila kitu kwa mikono ya ndugu yake na Sheila, kwa sababu, anasema, anataka kufanya hivyo "nikiwa bado ninajua jina langu."

Naomba uniambie, nirudishe paswadi ya zamani kimyakimya, mashine iingie, niseme ilikuwa shida ya mtandao na haya yote yaishe, ama nimwambie ukweli na nimpoteze kabisa mtu ambaye tayari hanioni kama mke? Sijamwambia yeyote, hata kanisani. Nimechoka, Mwalimu, na nikisema nimechoka ninajisikia mwovu.

Mama Sheila,
Majimbo, Embu.

*

Mama Sheila,

Barua yako ilinifikia Jumatano na ukurasa huu hutoka Jumapili, kwa hivyo sikungoja gazeti. Nilikupigia kwa ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Yaliyofuata umeniruhusu niyaweke hapa, kwa majina mengine, ili wengine wanaouguza watu wao wasome.

Pole yangu unayo, lakini haitakuja kwanza. Kwanza ujue ulichofanya. Kubadilisha paswadi ilikuwa hasira, na hasira ya mtu aliyechoka naielewa. Lakini ulipoinama mezani ukamsomea mgonjwa herufi ambazo ulijua hazifanyi kazi, ukamwacha aseme "ni mimi," hapo ulimnyang'anya kitu ambacho kiharusi kilikuwa kimemwachia. Mguu ulikuwa umeenda, mkono umeenda, ulimi umeenda nusu. Alikuwa amebaki na akili yake na anajua iko. Ukamfanya aione kama nayo imeenda. Hata Kinoti, ambaye si wa ukoo wenu, alikataa kuingia humo, na ungemsikiliza.

Ukaniuliza urudishe kimyakimya. Nilikuambia hapana, na ninarudia hapa. Mashine ingeingia, ndiyo. Lakini mume wako angejiambia akili inakuja na kwenda, na hilo linatisha kuliko inayotoka tu. Jumamosi angegawanya shamba vilevile. Na kliniki wangeendelea kutafuta kichwani ugonjwa ambao wewe ulikuwa umeubeba kwenye simu yako.

Nilikuambia umwambie Alhamisi, mchana, uombe ruhusa kazini, televisheni imezimwa. Usianze na machozi, kwa sababu ukilia atakubembeleza, na siku hiyo si yako. Usianze na yale uliyomsikia akimwambia Koome, kwa sababu yatageuka kuwa kesi yake badala ya kosa lako. Sema nilifanya, sema lini, kisha nyamaza. Mwandikie paswadi mpya kwenye karatasi kwa herufi kubwa, uweke mbele yake, na kidude cha kuchezea usikiguse.

Ijumaa asubuhi ulinipigia. Ulisema ulipomaliza kuongea aligeuza kichwa akakuangalia. Kisha akauliza jambo moja.

"Siku ile unanisomea. Ulijua?"

"Nilijua."

Akachukua karatasi. Akaingiza polepole, akakosea herufi moja, mwenyewe akaiona, akairudia, na mashine ikaingia. Hakumpigia Koome wacheze. Aliizima. Akakuambia uende nje kidogo, na ulipokuwa pale nje ulimsikia akisoma namba za mashamba kwa sauti, moja baada ya nyingine, akijipima. Aliendelea muda mrefu. Hakukosa, ulisema, angalau zile unazozijua wewe.

Jioni hakula mkononi mwako. Asubuhi alikuambia maneno machache, na hayakuwa ya msamaha. "Koome aje tu. Nataka kumwambia mimi mwenyewe kwamba niko." Uliniuliza kama hiyo ni dalili nzuri. Kwake ni nzuri. Kwako bado hatujui, na itabidi uishi bila kujua kwa muda.

Sasa nisikilize, kwa maana ninaandika hii Ijumaa, na utakapoisoma Jumamosi itakuwa imepita, kwa hivyo haya ni ya siku zilizobaki. Mambo ya shamba yasiongelewe tena mpaka yeye mwenyewe ayalete, na akiyaleta Sheila awepo, na Sheila ajue yote kutoka kwako, si kutoka kwa ami yake. Jumatatu nenda kliniki umweleze daktari ukweli wote. Ile picha ya kichwa usiifute wewe wala usiilazimishe. Yeye ndiye ataamua kama inahitajika. Utaona haya mbele yake. Vumilia hiyo haya. Halafu mtafute Kinoti umwombe msamaha, kwa sababu ulimfanya amkimbie mgonjwa aliyekuwa akimngojea.

Usimwulize Mbae kama amekusamehe. Usimwulize leo, usimwulize wiki ijayo. Mtu anayeulizwa kila jioni hujibu ndiyo ili apumzike, na ndiyo ya namna hiyo haifai kitu. Kama atakaa kimya mwezi mzima, kaa naye kwenye huo ukimya, pika, fua, na usimdai chochote.

Pole yako ndiyo hii. Miezi yote hii umekuwa ukibeba mwili wa mtu mzima peke yako, na hakuna mtu aliyekuuliza umelala saa ngapi. Uchovu si uovu. Ulikuwa uovu ulipouficha ukautumia gizani. Koome anampenda ndugu yake. Basi asimpende kwa hedifoni pekee. Mwambie kila mwezi amchukue Mbae Mitunguu kwa wiki moja, amwogeshe yeye, amvalishe yeye, nawe ulale. Akisita, mwambie ni mimi nimesema. Nilifundisha miaka thelathini na moja, wanaume wazima wa Imenti, huko huko kwa kina Koome, bado husimama nikiingia chumbani.

Na yale maneno uliyoyasikia mlangoni, kwamba wewe ni nesi, yatafika siku utamwambia uliyasikia na yalikuumiza. Chagua siku ambayo yeye ana nguvu za kujibu. Nimeisoma barua yako mara nne, Mama Sheila. Kurasa tatu, na hakuna hata mstari mmoja ambao mume wako amewahi kuusikia kutoka kinywani mwako. Ukichoka tena, na utachoka, usiniandikie mimi. Mwambie yeye. Ana masikio, na sasa anajua kwamba ana akili pia.

Mwalimu Igoki