Aliyetembea na Aliyeruka

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekuruhusu kukaa kwenye cherehani bila kuguna. Sisi huku tunaendelea. Kitinda wako anakula, analala, na bandeji ilitolewa Jumanne. Akimimina chai bado anamimina pembeni ya kikombe, kisha anacheka na kusema meza nayo ilikuwa na kiu. Unamjua.

Mama, barua hii uisome mwenyewe. Usimpe jirani akusomee, hata kama miwani imepotea tena. Itafute kwanza. Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Kwenye simu ungeanza kuniombea dua, mimi ningeitikia amina, na tungeagana nikiwa sijasema kitu.

Mara ya mwisho uliniuliza mambo mawili: kama ni kweli Mjomba alimtikisa tu bosi wetu, na kwa nini mimi na Kitinda hatuchezi tena gemu letu. Nianze na Mjomba.

Mjomba hakumtikisa. Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, gereji imejaa wateja, akiwa na wanaume wawili nisiowafahamu. Bosi Presha (tunamwita hivyo kwa ajili ya upepo wa matairi na kwa ajili ya vidonge anavyomeza) alikuwa amechuchumaa, anatafuta pancha kwenye beseni la maji. Mjomba akamuuliza kama ni yeye aliyempofusha mpwa wake kwa vyuma vibovu. Bosi akainua uso, akajibu kwamba pete zake za chuma zinazofunga matairi ya malori kwenye rimu anazijua moja moja, na hakuna hata moja iliyoruka siku ile. Jibu hilo ndilo lililomwaga petroli. Mjomba alimshika kisogo akamzamisha uso ndani ya beseni, na wale wawili wakamkalia miguu. Alipomtoa, maji na damu vikimtoka puani, aliokota spana ya magurudumu akampiga mkono wa kulia. Mara ya kwanza juu ya kiwiko, mara ya pili palepale. Niliusikia ule mfupa, Mama.

Nilikuwa hatua sita kutoka pale, jeki mkononi. Sikumzuia Mjomba. Aliyejirusha katikati ni Kitinda na bandeji yake, akilia, "Mjomba basi! Mwache, basi!" Wewe ulisimuliwa kwamba mwanao ana huruma hata kwa aliyemdhuru, ukasema amerithi kwa marehemu baba. Tangu siku ile madereva wa malori wamehama. Nani apeleke tairi kwa mtu anayesemekana pete zake zinatoboa watu macho?

Sasa nije kwenye gemu, na unisikilize kwa subira, maana ukiona ni upuuzi utaniruka, na humo ndimo mambo yote yalimo.

Ni dunia nzima iliyo ndani ya kompyuta. Ina milima, misitu, majangwa na miji, na maelfu ya watu wanacheza humo kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtu wake. Mtu wangu alikuwa na upanga, ngao na viatu vibovu. Mwanzoni hakukuwa na njia nyingine ya kufika mahali ila kutembea. Ukitaka mji wa pili unatembea saa nzima ya kweli, na njiani majambazi wanakukata shingo, mbwamwitu wanakurarua, au unateleza kwenye jabali na kuvunjika vipande. Nimekufa humo mara mia na kumi na mbili. Nilikuwa nahesabu. Kila nikifa nilirudishwa nyuma, na nikaanza tena kutembea.

Mama, miaka tisa nimeishi kati ya kompresa na geti. Kuna kona moja ya barabara ile ambayo sijawahi kuivuka. Lakini humo ndani nilikuwa mtu wa safari. Nilichora ramani za mabonde kwenye karatasi za kalenda, nikazipiga picha, na watu nisiowajua walizifuata na kunishukuru. Mmoja aliniita mwalimu. Hakuna aliyewahi kuniita mwalimu.

Kisha kampuni yenye gemu ikalegeza mambo. Ukibonyeza mahali kwenye ramani, mtu wako anakimbia mwenyewe wakati wewe unakaanga mayai. Ukibonyeza pengine anapigana mwenyewe. Mwisho wakaleta jiwe la kuruka: ukiwa nalo, kufumba na kufumbua uko ubavuni mwa mwenzako, popote alipo. Watu wakagawanyika, wakatukanana humo matusi ambayo siwezi kukuandikia. Mimi nilikuwa upande wa watembezi. Kitinda, anayechezea kwenye simu yake, alikuwa upande wa warukaji, na hakuona sababu ya kuona haya. Aliniambia kwamba yeye kutwa nzima anasukuma matairi ya malori, ana saa moja tu ya kucheza na rafiki zake kabla macho hayajafumba, sasa nataka akifika chumbani atembee tena? Nikamjibu kawia ufike. Akasema kawia ukute watu wameshaosha vyombo. Tulicheka wakati huo, lakini mimi nilicheka kwa meno tu.

Upande wa mwisho wa ile dunia palikuwa na bonde ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga. Kampuni ilitangaza kwamba wa kwanza kuingia ndiye atakayelipatia jina, na jina hilo litabaki kwenye ramani ya kila mtu. Nililifuata kwa miezi mitano. Ningeweza kubonyeza nikimbizwe hadi mpakani, lakini sikubonyeza hata mara moja. Nilitaka kuliita kwa jina la marehemu baba. Sikumwambia mtu, hata Kitinda. Hilo ni kosa langu la kwanza, kwani asichojua mtu hawezi kukichunga.

Ilikuwa Jumapili, mchana wa joto. Gereji imefungwa, Bosi Presha yuko kwake. Hakuna tairi lililoguswa siku hiyo, Mama. Hakuna. Tulikuwa chumbani kwetu nyuma ya gereji, mimi kwenye kompyuta, Kitinda kajilaza kitandani na simu. Mtaimbo mfupi wa kung'olea matairi ulikuwa dirishani, tumeuegemeza dirisha lisijifunge.

Nilifika juu ya mlima wa mwisho. Bonde nililiona kwa macho yangu, hatua hamsini chini yangu. Hapo likanitokea jitu lenye mikono minne, likanikata ngao, likanikata bega, nikabaki na uhai mdogo kama moto wa kijiti cha kiberiti. Nilipiga kelele. Kitinda akainuka, akaangalia, akasema, "Kaka, nakuja!" Sekunde nne. Jiwe likamleta ubavuni mwangu. Alilipiga lile jitu mpaka likaanguka, na mimi ningali hai kwa sababu yake. Kisha, kwa jinsi alivyokuwa anakimbia, akateremka moja kwa moja hadi bondeni. Simu yake ikaimba. Ikamwomba jina.

Sidhani alifikiri. Aliandika kwa kidole gumba, akabonyeza, akanigeuzia kioo nione. Alikuwa ameandika *Hapa Tu*. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, miezi mitano, kumbe ni hapa tu!"

Sasa nasema, Mama. Pete ya tairi haikuruka. Nilichomoa ule mtaimbo dirishani nikampiga mdogo wangu. Pigo la kwanza lilimpata begani, na hilo naweza kulieleza, lilikuwa hasira. Akaacha kucheka, akanitazama, akaniambia, "Kaka, ni mimi." Nilimsikia. Nilikuwa nimeshamsikia nilipompiga la pili. Hilo ndilo lililoingia jichoni.

Sitakuficha yaliyofuata. Alianguka kati ya kitanda na ukuta, mikono usoni, na damu ikipita kati ya vidole hadi kwenye shuka ulilotushonea. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Huko kunibeba ulikonisifia kwa simu ni kweli, na ndilo jambo zuri pekee katika hadithi uliyosimuliwa. Ndani ya teksi, jicho likiwa limefunikwa na shati langu, ni yeye aliyenong'ona niseme pete ya tairi. Mama akijua atakufa, alisema. Nikakubali haraka, Mama, haraka mno. Daktari alipouliza, nilijibu mimi kabla yake.

Na Mjomba alipokuwa anamvunja yule mzee mkono, nilikuwa najua kila kitu. Kitinda alikuwa anamlilia mtu asiye na kosa. Mimi nilikuwa nasikiliza mfupa.

Leo asubuhi nilimwendea Bosi Presha. Alikuwa anahangaika kufungua valvu kwa mkono wa kushoto, wa kulia umo kwenye plasta. Nilimweleza yote. Akaiacha ile valvu, akasema mjomba wako aliniuliza mbele za watu, na wewe utaniambia mbele za watu. Akawapigia simu madereva waliohama. Walikuja saba. Nilisimama karibu na beseni nikasema kama nilivyokuandikia. Mmoja alinitemea mate. Mwingine, yule wa lori la saruji, alinipiga ngumi ya mdomo nikaenda chini, akanifuata kwa teke la mbavu, na la pili, na hakuna aliyemshika. Nilitema jino la mbele. Bosi aliangalia mpaka aliporidhika, kisha akasema inatosha, huyu ana mama.

Kesho mimi na Bosi tunakwenda kituo cha polisi. Kitinda anasema akiitwa atakana, atang'ang'ania pete mpaka kiyama. Nimemwambia pete hiyo ina mwenyewe, naye amevunjwa mkono. Amenuna.

Ninachokuomba ni kwamba usinitetee. Mpigie Mjomba umwambie ukweli, na umwambie aje amwombe radhi mtu yule, safari hii bila wanaume wawili. Ukitaka kunilaani, ngoja hasira ipungue, halafu uamue. Sina neno.

Nisalimie shangazi na watoto wake, na wote wanaokuletea nguo za kushona. Mjomba naye msalimie, baada ya kumsomea.

Kitinda ameisoma barua hii yote, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayeangalia punje. Hakugusa habari ya gemu, wala ya teksi. Alichoniomba ni niandike kwamba nilimpiga mara moja tu.

Zilikuwa mbili, Mama.

Mwanao wa kwanza