Kofi la Mama Mbele ya Daktari

Mtaa wa Chandler, Na. 9,
Barnsley.
11 Machi 2024

Mpendwa Mama Mdogo Hilary,

Hujambo huko Tasmania? Goti lako linaendeleaje? Sisi tunapumua tu, ingawa mvua haijatuacha tangu Krismasi na shavu langu la kushoto bado limevimba. Ngoja nikueleze.

Unajua nilikuwa nasubiri kupimwa usonji, ile autism. Ndiyo, mimi, mtu mzima mwenye mume na mvi. Clive, mdogo wangu, alicheka mpaka akapaliwa na bia. Akasema, "Dada, wewe huna usonji, una kisirani!" Nikamvurumishia bakuli la mchuzi. Lilimkosa likavunja kioo cha mlango wa jikoni, na sijutii hata kidogo.

Maisha yangu yote nimejiona mtu mbovu. Kelele za watu dukani hunichoma, nguo ya sufi hunifanya nitake kujichuna ngozi. Nilitaka mtu mwenye ujuzi aniambie kama ni ubovu kweli au ndivyo nilivyoumbwa. Hilo tu, Mama Mdogo, na nililitaka kama mwenye kiu.

Sasa, daktari hutaka shahidi aliyekuona ukiwa mtoto. Baba yuko kaburini, Clive alikuwa hajazaliwa, akabaki Mama. Nilimsihi aseme kweli. Alikuja na koti la kanisani, mdomo umepakwa rangi, na keki ya tangawizi ya kumpa daktari. Kwa Mama, daktari wa mambo ya akili ni aibu ya ukoo, na aibu hufunikwa kwa keki.

Daktari Prendergast, mwanamke mpole, akamuuliza kama nilipokuwa mdogo nilikuwa namtazama machoni.

"Asinitazame ana nini? Nilimfundisha!"

"Ulimfundishaje, Bi Hepworth?"

Mama akainuka, akanibana kidevu, akanizaba kofi lililorusha miwani yangu hadi ukutani. "Hivi! Nitazame nikisema na wewe! Umeona, dokta? Si anatazama? Mwanangu hana kasoro."

Damu ilinitoka puani ikaingia kwenye blauzi. Mikono ilikwenda masikioni yenyewe, nikaanza kuyumba na kunguruma kama jokofu bovu. Mama akafoka, "Acha utoto, unanitia aibu!" akainua mkono tena. Daktari akaudaka. Walivutana, kiti kikapinduka, keki ikakanyagwa kwenye zulia, na yule mpole akapiga ukelele: "Ukimgusa tena naita polisi!"

Mama akakaa, anahema. Daktari akachuchumaa mbele yangu bila kunigusa.

"Lorna, mama yako akikulazimisha umtazame, unamtazama wapi?"

"Katikati ya nyusi."

"Ulianza lini?"

"Alipoanza kunipiga."

Nina usonji, Mama Mdogo. Nimeambiwa kwa kinywa cha mwenye kujua. Nililia kwa furaha pale maegeshoni, kisha hasira ikanipanda na ngumi ikajikunja. Ilikuwa ngumi ya Mama, nimeirithi. Niliishusha kwenye boneti ya gari, ikabonyea, na vidole viwili vimefungwa bendeji. Ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa wa kuku.

Stuart, mume wangu, anakusalimu sana. Clive naye anakusalimu, na kioo amekilipa bila kuombwa. Mungu akutunze, akupe usingizi mtulivu na majirani wasio na makelele.

Jambo moja sijakwambia. Nilimrudisha Mama mpaka mlangoni kwake. Ndipo akasema, bado akitazama mbele, "Hilary naye alikuwa hivyo hivyo. Anaziba masikio, hatazami mtu. Babu yako alimnyoosha kwa mkanda, na akanyooka. Muulize."

Basi nakuuliza, Mama Mdogo. Ulinyooka?

Mwanao akupendaye,
Lorna