Maziwa Juu ya Magoti

Mujukuu wangu Baraka,

Huku Ngungu tuko wazima. Viazi iko shambani, ukungu iko mulangoni, na tate wako mwanamuke, bibi yangu, anasema nisikuchoshe. Unauliza kwa nini taxi yako inakunywa mafuta ya essence kama mulevi ku matanga.

Siku nilimuoa tate wako, nilimutosha hapa kwao na camionnette ya kuazima, gari ndogo ya mizigo, nikamupeleka Walikale kwetu. Essence ilikuwa ya kufika tu, na njiani hakukuwa wa kuiuzisha. Mimi, kwa kujionyesha, nilikuwa nakanyaga kwa nguvu, kisha nafunga frein kusimamisha gari mbele ya kila shimo. Yeye alishika juu ya magoti chungu ya maziwa ya kupelekea mama yangu, bila kifuniko.

"Papa, yakimwangika, unanirudisha kwetu," akaniambia.

Njo nikaanza kuangalia mashimo kutoka mbali na kuinua mguu mapema. Motere ikaimba chini-chini; milima ya Masisi ikapita kama usingizi.

Tulifika, essence ingali inacheza ndani ya tanki. Mama akaonja maziwa: "Huyu mwanamuke anajua kubeba!" Dreva, hakuna aliyemuona.

Baraka, utafute mwanamuke wa kukushikia maziwa. Hiyo tu njo uiharakishe.

Tate wako